UZI: Wakubwa wa Uingereza waliolipa wachorwe vizuri, na waliolipa wasichorwe vibaya

Kalamu ya Mkaa:

Wakuu, salaam.

Kuna uzi wa vibonzo vya wanasiasa umepigwa kufuli juzi baada ya watu kuanza kutajiana wazazi. Humo mkuu mmoja aliandika kwamba Uingereza walishakomaa zamani, kiongozi wao anachorwa na pua kama mkonga, anacheka, maisha yanaendelea. Sikutaka kubishana kule. Nimeona nifungue wangu, maana habari yenyewe ni tamu kuliko hiyo hadithi ya ukomavu. Wale wakubwa walinunua michoro wakaificha, walihonga wachoraji, na wengine walituma watu wakawabembelezee ili wachorwe. Nitaandika kwa vipande, mwenye swali aulize.

Tuanze na picha za heshima, zile za rangi ya mafuta zenye fremu za dhahabu.

London, nusu ya pili ya karne ya 18. Una cheo, una mashamba, una jumba lenye ukuta mrefu unaotaka kujazwa. Unakwenda kwa Sir Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy, jumuiya na shule ya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1768 kwa baraka za Mfalme George III. Miaka ya 1780 picha ya mwili mzima kwa Reynolds ilifika gini 200, na gini moja ni pauni moja na shilingi moja. Uso anachora mwenyewe. Nguo na mapazia mara nyingi wanamalizia wasaidizi wa karakana. Ndiyo maana ukiangalia picha za enzi ile unawakuta mabwana wengi wamesimama mkao uleule: mkono kiunoni, mguu mmoja mbele, nguzo ya mawe nyuma, pazia jekundu limeachiwa kwa mahesabu. Mkao huo uliazimwa kwenye sanamu za kale za Kirumi na kwa Van Dyck, aliyekuwa mchoraji wa Mfalme Charles I. Mteja analipia ukoo wake uonekane wa tangu enzi na enzi, hata kama babu yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari.

Kituko ni kwamba Reynolds alipenda wekundu fulani usiovumilia mwanga. Watu walianza kupauka ukutani yeye akiwa bado hai. Ukiona lodi wa Reynolds kawa mweupe kama karatasi, usidhani alikuwa anaumwa, ni mashavu tu yaliyokimbia.

Sasa tembea hadi mtaa wa St James's, London hiyohiyo. Hapo ndipo zilipo klabu za wanasiasa: White's walikozoea watu wa serikali ya Waziri Mkuu William Pitt, na Brooks's walikokesha wapinzani wakicheza kamari. Namba 27 ya mtaa huo, kuanzia mwaka 1797, kulikuwa na duka la mwanamama Hannah Humphrey, muuza michoro ya kuchapwa. Ghorofani kwake anaishi mchoraji wake, James Gillray. Yaani waziri anatoka klabuni na mvinyo kichwani, anakuta umati umejazana dirishani unamcheka yeye.

Na Gillray hakuwa mchoraji wa kubahatisha. Baba yake alikuwa askari aliyepoteza mkono kwenye vita vya Fontenoy mwaka 1745, yeye akaanza kama mwanafunzi wa kuchonga herufi, mwaka 1778 akaingia shule ya Royal Academy. Mikao yote ya Reynolds aliijua. Alichofanya ni kuichukua mikao hiyo na kuitia kitambi.

Narudi.

Mtoto wa Gerezani:

Nimeweka kiti mbele kabisa. Endelea mkuu.

Nyundo 77:

Gini 200 kwa hela ya leo ni bei gani? Isije ikawa laki mbili unatutisha.

Kalamu ya Mkaa:

@Nyundo 77 hesabu za kugeuza hela ya karne ya 18 zina ubishi mwingi, mimi napima kwa jasho. Kibarua wa London kipindi hicho alikuwa anapata kama shilingi mbili kwa siku. Gini 200 ni shilingi 4,200. Gawanya mwenyewe uone kibarua angefanya kazi miaka mingapi bila kula.

Nyundo 77:

Miaka saba kasoro, Jumapili ukiitoa. Sawa, nimenyamaza.

Fundi Saa:

Mkuu tuambie hiyo michoro ya dukani ilitengenezwaje. Hakukuwa na kompyuta wala printa, lakini unasema ilitoka mingi.

Kalamu ya Mkaa:

@Fundi Saa swali la fundi hilo. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta. Unachora kwa sindano, sindano inakwaruza nta. Unamwagia tindikali, inakula shaba pale tu palipokwaruzwa. Unafuta nta, unapaka wino unaoingia kwenye mifereji, unafuta juu, unaweka karatasi yenye unyevu na kulipitisha kwenye mashine ya kukandamiza. Kila kitu kinatoka kinyume, kwa hiyo Gillray alikuwa anaandika maneno yote kwa kurudi nyuma, na michoro yake ina maneno kama gazeti. Rangi inapakwa kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine.

Usio na rangi ulikuwa kama shilingi moja, wenye rangi shilingi mbili au zaidi. Kwa kibarua huyo tuliyemtaja ni ujira wa siku nzima, hanunui, anatazama dirishani. Mnunuzi ni tajiri yuleyule aliye na picha ya Reynolds sebuleni. Kulikuwa na mwenye duka anaitwa Fores, mtaa wa Piccadilly, alikuwa anakodisha majalada mazima ya vibonzo kwa usiku mmoja. Una wageni wa chakula cha jioni, unakodi jalada, mnapitisha mkono kwa mkono mkicheka, asubuhi unalirudisha.

Shangazi Mkali:

Kama sisi na kanda za video za kukodi enzi zile 😂 Faini ukichelewesha?

Kalamu ya Mkaa:

Amana ilikuwepo, shangazi. Wenye duka hawakuwa wajinga.

Haya, kipande cha pili. Julai 1792, Gillray anatoa michoro miwili, baba na mwana. Nataka tukae hapa kidogo kwa sababu ndipo utaona kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwana wa Mfalme, Prince of Wales, atakayekuja kuwa George IV. Kajilaza kitini baada ya kula, anachokonoa meno kwa uma wa mezani. Kizibao kinashikiliwa na kifungo kimoja, na kifungo chenyewe kinaonekana hakifiki jioni. Chini ya meza chupa tupu zimelala. Nyuma ya kiti kuna chungu cha haja kimefurika, nacho kimewekwa juu ya bili zisizolipwa: ya muuza kuku, ya bucha, ya mwoka mikate. Sakafuni kete za kamari na karatasi za madeni. Pembeni kuna chupa za dawa zilizotangazwa enzi hizo kutibu magonjwa ya zinaa, majina yake yameandikwa wazi. Dirishani zinaonekana nguzo za Carlton House, jumba alilolijenga kwa fujo mpaka Bunge mwaka 1787 likamlipia madeni ya pauni 161,000. Na ukutani, Gillray kamtundikia picha ya mzee Cornaro wa Italia, yule aliyeandika kuhusu maisha ya kiasi, anakunywa maji.

Mkao wa huyo mwana ni wa picha ya heshima kabisa. Ukifuta kitambi na uma, ukaweka upanga, Reynolds angesaini.

Mchoro wa pili ni baba yake, George III, na hapa ndipo wengi wanashangaa, maana unatarajia mwana akichorwa mlafi basi baba atapewa sifa. Wapi. Mfalme anakula yai la kuchemsha. Suruali yake ina kiraka. Kiti kimevishwa kitambaa kisichakae, na hata kamba ya kengele ya kumwitia mtumishi imevalishwa mfuko. Mahali pa kuota moto hakuna moto, kumewekwa maua. Malkia Charlotte anajishindilia majani ya saladi mdomoni kwa uma. Ukutani kuna fremu ya picha inayohusu ukarimu, picha yenyewe haimo.

Mfalme bahili na mwanawe mfujaji, shilingi mbili kila mmoja.

Mwl. Kimbembe:

Kaka umeeleza vizuri, lakini hapo ndipo hoja ya yule mkuu wa uzi uliofungwa inasimama. Mwaka 1792, jirani Ufaransa wako mbioni kumkata mfalme wao kichwa, na Uingereza mtu anamchora mfalme na kiraka cha suruali, anauza, analala kwake. Nitajie nchi nyingine wakati huo iliyovumilia hayo. Huo kama si uhuru ni nini?

Kalamu ya Mkaa:

Mwalimu, uhuru ulikuwepo, sikatai. Ila angalia ulivyopatikana. Kumshtaki mchoraji kulikuwa na aibu yake ya ndani: inabidi usimame mbele ya majaji na juri useme, "Huyo mnene, mwenye pua nyekundu, anayetapika, ndiye mimi." Na mwaka huohuo wa 1792 sheria ya kashfa iliyosukumwa na Charles James Fox ikalipa juri mamlaka ya kuamua kama jambo ni kashfa au la. Wakubwa wengi wakaona bora kununua nakala zote na kukaa kimya.

Lakini kuna waliofungwa. William Holland, muuza vibonzo mwenzao, alitupwa gerezani Newgate mwaka 1793. Kosa: kuuza maandishi ya Thomas Paine. Hapo unaona mpaka uko wapi. Kumcheka mfalme anavyokula, ruksa. Kuuza kitabu kinachouliza kwa nini tuwe na mfalme, ndani.

Gillray mwenyewe alikamatwa Januari 1796. Prince of Wales kapata binti, na Gillray akachora kama ziara ya mamajusi: Fox na Sheridan, vigogo wa upinzani, wameinama wanambusu mtoto matakoni. Wakamshika kwa kukufuru dini. Kesi ikayeyuka. Na hapo nafika kwa mtu ninayemfurahia kuliko wote kwenye habari hii, George Canning.

Canning ni mbunge kijana, upande wa Waziri Mkuu Pitt, ana akili nyingi na hamu ya makuu. Shida yake moja: Gillray hajamchora. Kila mwenye jina kashachorwa, yeye bado. Kupitia rafiki yake, padri mmoja anaitwa John Sneyd ambaye alikuwa akimpa Gillray mawazo ya michoro, akaanza kuomba. Anauliza, anasubiri, anauliza tena. Mwishowe Oktoba 1796 unatoka mchoro mkubwa wa London ikivamiwa na Wafaransa, na Canning yumo. Kanyongwa kwenye nguzo ya taa, pamoja na mwenzake.

Mtoto wa Gerezani:

😂😂😂 Kaomba mwenyewe

Shangazi Mkali:

Na hakukasirika?

Kalamu ya Mkaa:

Shangazi, alifurahi! Amefika mjini. Na mwaka 1797, kwa mkono wa huyohuyo Canning, Gillray akaanza kupokea pensheni ya siri ya serikali, pauni 200 kwa mwaka.

Nyundo 77:

Subiri. Yaani mchora vibonzo mkali kuliko wote Uingereza alikuwa anakula bahasha?

Kalamu ya Mkaa:

Bahasha ya kila mwaka mkuu.

Nyundo 77:

Chawa basi. Tena chawa wa kuajiriwa kabisa, ana mpaka pensheni. Halafu mnatuambia tujifunze kwao.

Mwl. Kimbembe:

Nyundo usikimbilie. Chawa anasifia. Huyu alimsifia Pitt wapi? Kalamu tusaidie hapo, usituache na nusu ya habari.

Kalamu ya Mkaa:

Mwalimu ana haki ya kuuliza. Baada ya pensheni, mzigo mkubwa ulimwangukia Fox na wenzake: wanakata vichwa vya watu kwa gilotini, ile mashine ya Wafaransa, wanafungua milango kwa maadui, ndevu hazijanyolewa, jasho. Hapo Nyundo yuko sahihi, serikali ilipata ilicholipia. Ila Pitt hakuwahi kuwa mzuri mikononi mwake. Siku zote ni kijiti kirefu chenye pua iliyoelekea mbinguni. Mchoro maarufu kuliko yote, wa Februari 1805, una Pitt na Napoleon mezani wanakata dunia iliyopikwa kama pudingi ya Krismasi. Napoleon ananyanyuka kitini ili afike, anakata Ulaya kwa upanga. Pitt kakaa kwa utulivu, uma wake una meno matatu kama mkuki wa mungu wa bahari, na kipande chake ni bahari yote ya magharibi, kikubwa kuliko cha mwenzake. Wote wawili macho yamewatoka kwa njaa. Ukiniambia hiyo ni sifa kwa Pitt nitakushangaa.

Mimi naona hivi: alinunuliwa kalamu, jicho likabaki lake. Nyundo ana haki ya kuona tofauti.

Nyundo 77:

Naona tofauti 😎

Kijukuu cha Unguja:

Assalam aleikum wana uzi. Napoleon kila mahali anachorwa kafupi. Nilisoma hakuwa mfupi. Ni huyu Gillray?

Kalamu ya Mkaa:

Waaleikum salaam. Kwa sehemu kubwa ndiye. Napoleon alikuwa na kama sentimita 168, kimo cha kawaida kwa mwanamume wa Ufaransa ya wakati ule. Kuanzia 1803 Gillray akamfanya kitoto chenye hasira, buti zinafika mapajani, kofia kubwa kuliko mwili, anapiga teke fanicha. Wachoraji wengine wakaiga, na miaka 200 baadaye watu wanaapa alikuwa mbilikimo. Picha zake za heshima za Paris, farasi anaruka, koti linapepea, hazijaweza kuufuta mchoro wa shilingi mbili.

Kijukuu cha Unguja:

Subhanallah. Je, kuna mwanasiasa aliyeangushwa kabisa na mchoro?

Kalamu ya Mkaa:

Fox mwenyewe aliamini ndiye. Desemba 1783, akiwa bado serikalini, alikuwa na muswada wa kuiweka kampuni ya East India chini ya makamishna walioteuliwa na Bunge. Wapinzani wakasema anataka kujimilikisha utajiri wa India. Mchoraji mmoja, James Sayers, akamchora Fox kavaa kilemba cha sultani, kapanda tembo, anaingia kwa shangwe mtaa wa Leadenhall yalipokuwa makao ya kampuni. Tembo ana uso wa Lord North, mshirika wake wa serikali ya mseto. Mbele anatangulia Edmund Burke anapiga tarumbeta. Mchoro ukasambaa kama meme. Siku chache baadaye Baraza la Malodi likaupiga muswada chini, mfalme akaifukuza serikali, na Pitt akawa Waziri Mkuu akiwa na miaka 24.

Fox alikuja kusema michoro ya Sayers ilimdhuru kuliko hoja za bungeni. Mimi naona mfalme ndiye aliyemmaliza, maana aliwapelekea malodi ujumbe kwamba atakayeunga mkono muswada ni adui yake. Ila mchoro uliwapa watu wimbo wa kuimba. Na Sayers? Pitt akampa cheo chenye mshahara.

Nyundo 77:

SINA LA KUONGEZA.

Shangazi Mkali:

Mnaongelea wanaume tu, niwape moja na mimi. Georgiana, mke wa Duke wa Devonshire. Uchaguzi wa jimbo la Westminster, London, wa mwaka 1784, kura zilipigwa siku 40, na yeye alitoka mtaani kumpigia debe Fox, akiingia kwenye maduka, akiongea na wachinja nyama. Mwanamke hana kura, ila mdomo anao. Michoro iliyomwandama, jamani! Mchoraji Rowlandson alimchora kamkumbatia muuza nyama anambusu ili apate kura, wengine wakaenda mbali zaidi, siwezi kuandika hapa. Wanaume waliokuwa wanahonga pombe kwenye uchaguzi uleule walichekwa kidogo tu. Yeye mabusu.

Na huyohuyo Georgiana Gainsborough alimchora na kofia pana, nywele kama wingu, mtu anaangalia kama anakujua siri zako. Picha hiyo mwaka 1876 ilinunuliwa mnadani na duka la Agnew kwa zaidi ya gini 10,000, wiki chache baadaye mwizi Adam Worth akaingia usiku akaikata kwenye fremu akaondoka nayo. Alikaa nayo miaka 25. Ilirudishwa mwaka 1901.

Mtoto wa Gerezani:

Miaka 25 anaificha? Hakuiuza?

Shangazi Mkali:

Hakuiuza mwanangu. Wanaume wakipenda wanapenda.

Kalamu ya Mkaa:

Shangazi umenipunguzia kazi. Na Fox alishinda kiti, kwa hiyo mabusu ya kuchora hayakuzuia kura za kweli.

Turudi kwa yule mnene wa 1792. Akawa mfalme mwaka 1820. Gillray alishakufa 1815 baada ya miaka ya kuchanganyikiwa akili, Bi Humphrey ndiye aliyemtunza mpaka mwisho. Sasa kuna kizazi kipya, George Cruikshank, na hicho hakikuwa na huruma. Mwaka 1819 yeye na mchapishaji William Hone walitoa kijitabu cha kuikejeli serikali kilichouzwa kama karanga. Juni 1820 Cruikshank anatia saini risiti ya pauni 100 kutoka kwa watu wa mfalme, na ahadi ya kutomchora Mfalme katika hali yoyote ya uasherati. Risiti. Wameandikiana kabisa!

Wakati huohuo Sir Thomas Lawrence analipwa kumchora mtu yuleyule kavaa joho la kutawazwa, kanyooka, kiuno kipo, kidevu kimoja. Ukiweka picha ya Lawrence na kibonzo cha Cruikshank ubavu kwa ubavu unaona matumizi mawili ya hazina moja.

Cha ajabu, jamaa alikuwa mkusanyaji. Maelfu ya vibonzo yalikusanywa kwenye kasri la Windsor, mpaka mwaka 1921 fungu kubwa likauzwa kwa Library of Congress ya Marekani, liko huko hadi leo.

Fundi Saa:

Baada ya hapo ikawaje? Malkia Victoria sijawahi kuona kachorwa anatapika.

Kalamu ya Mkaa:

Ikawa ya adabu, na kwangu ikapoa. Gazeti la Punch lilianza 1841, linaingia sebuleni kwa familia, halichori chungu cha haja. Kisha jarida la Vanity Fair, toleo la tarehe 30 Januari 1869, Mwitaliano Carlo Pellegrini, aliyekuja kujulikana kwa jina la Ape, akamchora mwanasiasa Disraeli kwa rangi, wiki iliyofuata hasimu wake Gladstone. Baada ya hapo kila jaji, askofu na mpanda farasi alitaka awemo. Kichwa kikubwa, miguu midogo, hakuna anayeumia. Wanasheria wanazitundika ofisini mpaka leo.

Kuna mchoro mmoja tu wa enzi hiyo lazima tuujadili, maana unatuhusu. Punch, 10 Desemba 1892, mchoraji Linley Sambourne: Cecil Rhodes, Waziri Mkuu wa koloni la Cape, kasimama juu ya Afrika. Buti moja Cape Town, nyingine Cairo, bunduki begani, mikononi kashika waya wa telegrafu, simu ya maandishi, aliotaka kuuvuta toka kusini hadi kaskazini.

Mwl. Kimbembe:

Huo upo kwenye vitabu vya historia vya sekondari, kila mwanafunzi wangu anaujua. Swali ninalowapa: mchoraji anamcheka au anamsifu?

Kijukuu cha Unguja:

Anamsifu. Mtu anayechekwa hachorwi kajaa kurasa nzima, kifua mbele.

Mtoto wa Gerezani:

Mi naona anamcheka. Limtu linakanyaga bara zima halafu limeshika kamba kama anaanika nguo.

Kalamu ya Mkaa:

Nadhani Sambourne alikuwa anatania kwa kupenda. Mkao umechukuliwa kwenye ile sanamu kubwa ya kale ya kisiwa cha Rhodes, ni mchezo wa jina. Wasomaji wa Punch waliona jitu letu, linachekesha kidogo, ila letu. Kinachonikera ni bara lenyewe: hakuna mtu hata mmoja chini ya hizo buti. Na hakuna Mjerumani, wakati mwaka 1892 Tanganyika iko mikononi mwake na ndiyo iliyoziba hiyo njia ya Cape hadi Cairo. Gillray angemchora Kaiser anang'ata mguu wa Rhodes. Sambourne kaacha, kwa sababu picha ingeharibika.

Huu mchoro ulitungwa kama kibonzo, ukaishia kufanya kazi ya picha ya heshima.

Mwl. Kimbembe:

Hiyo ya mwisho naichukua darasani.

Na ilitokea tena. Waziri Mkuu Harold Macmillan mwaka 1958, mchoraji Vicky wa gazeti la Evening Standard alimchora kama Superman mzee mwenye miwani, ili amkejeli. Watu wakaipenda, Supermac likawa jina la sifa.

Kalamu ya Mkaa:

Kabisa mwalimu. Na kinyume chake pia kipo, picha ya heshima iliyogeuka kibonzo. Novemba 1954 Winston Churchill anatimiza miaka 80. Wabunge na malodi wanachanga gini 1,000, wanamwajiri Graham Sutherland amchore. Picha inafunuliwa Westminster Hall mbele ya kamera: mzee kaketi, mikono kaikamata kiti, uso umekunjamana, mwili mzito. Ukweli wa mwanamume wa miaka 80 aliyewahi kupata kiharusi. Churchill akasimama akasema ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, ukumbi ukacheka. Nyumbani hakutaka kuiona. Haikutundikwa. Mkewe Clementine akatoa idhini ikachomwa moto, na umma ukaja kuambiwa mwaka 1978, baada ya Clementine kufariki.

Nyundo 77:

Kwa hiyo Gillray na michungu yake ya haja yuko makumbusho, aliyechora kwa heshima na kulipwa na Bunge kachomwa.

Shangazi Mkali:

Ningekuwa mimi Clementine ningeichoma palepale ukumbini.

Fundi Saa:

Shangazi 😂 Mkuu Kalamu, hizi picha tunazionaje kwa ukubwa? Hizi za Google zimefifia, maneno hayasomeki.

Kalamu ya Mkaa:

Tovuti ya British Museum, sehemu ya mkusanyiko, andika Gillray. Bure, na kila mchoro una maelezo marefu ya nani ni nani. National Portrait Gallery ya London nao wana picha za heshima na vibonzo vya watu walewale, andika jina la mwanasiasa uone vyote pamoja. Ukifungua mchoro wa Gillray usianze na uso. Anza na karatasi zilizotupwa sakafuni, pale ndipo alipokuwa anaficha matusi.

Fundi Saa:

Nimefungua ule wa mfalme na yai. Mkuu, anajipangusa mdomo kwa kitambaa cha meza!

Kalamu ya Mkaa:

Napkini ingetaka kufuliwa.